Daraja la Biashara na Daraja la Nithi

Tembea uone, walisema wahenga, nao hawakutuambia ni mwendo wa urefu gani unaotosha kumfumbua mtu macho. Mimi, msomaji mpenzi, nilisafiri angani kwa muda wa saa moja na dakika chache tu, nikaona jambo ambalo miaka mingi ya kufundisha isimu haikuwa imenionyesha. Nalo ni jambo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu wenye ndege. Ndiyo maana nimeona vyema nilisimulie hapa, ingawa masimulizi yenyewe hayanijengei sifa.

Mwaka 2023 nilialikwa Uganda kuhudhuria kongamano la walimu wa Kiswahili. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka mmoja nyuma, Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na walimu wa huko walikuwa na hamu ya kukutana na wenzao. Nilifuatana na mwanafunzi wangu wa uzamili, binti wa mkulima wa miraa kutoka Igembe katika Kaunti ya Meru. Yeye ndiye aliyekuwa na makala ya kusoma, juu ya majina ambayo wakulima na wachuuzi wa miraa huyapa majani, vipimo na nyakati za kuchuma. Mimi nilikuwa msindikizaji tu. Binti huyu hakuwa amewahi kupanda ndege, wala hakuwa amewahi kusimama mbele ya hadhira ya wageni. Tulikubaliana kwamba tutaketi pamoja, na kwamba katika muda ule wa kuruka kutoka Nairobi hadi Entebbe tutaipitia makala yake ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimekwisha kuisoma usiku uliotangulia na kuandika maoni yangu pembeni kwa wino mwekundu, kama ilivyo desturi ya walimu.

Kwenye kaunta ya kukaguliwa tiketi, kijana aliyetuhudumia aliitazama mashine yake, akatutazama sisi, kisha akaitazama tena mashine. Viti vya nyuma vilikuwa vimeuzwa kupita idadi yake. Hili ni jambo ambalo kampuni za ndege hulifanya kwa makusudi, kwa kuwa zinajua kwamba aghalabu baadhi ya abiria hawatokei. Siku hiyo karibu wote walitokea. Ilibidi mtu mmoja asogezwe mbele. Kijana yule akaziona herufi mbili zilizotangulia jina langu katika tiketi, zile zinazoarifu kwamba mwenye jina ana shahada ya uzamifu. Akatabasamu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba Daktari leo ataketi katika daraja la biashara, tena bila kulipa hata senti moja.

"Na huyu mwenzangu?" nikauliza kwa Kiswahili.

"Yeye kiti chake cha nyuma kipo," akajibu.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema kwamba nina kazi na mwanafunzi wangu, na kwamba herufi zile mbili apewe nafasi yake mtu mwingine. Sikusema. Binti akanitazama, akasema kwa adabu aliyolelewa nayo, "Nenda tu, Mwalimu. Mkubwa hupishwa. Tutaonana huko." Nami nikajificha nyuma ya adabu yake, nikaipokea kadi ya kupandia, na kujiambia kwamba nitarudi nyuma kuzungumza naye tukiisha kupaa.

Nisimdanganye msomaji: raha niliiona. Tulikuwa na mlango wetu wa kupitia, usio na foleni. Tulikuwa na ukumbi wetu wa mapumziko, wenye viti vya ngozi na magazeti ya siku hiyo. Nilimiminiwa kahawa katika kikombe cha kaure, na nilipoinusa nilikumbuka nyumbani Embu. Yafaa wanafunzi wa historia wakumbuke kwamba serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa kwa miaka mingi, na kwamba ilipoanza kulegeza katazo hilo katika miaka ya 1930, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Kisii. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za wakulima wa kahawa nilizozijua nikiwa mtoto, kinywaji kilichokuwa mezani ni chai. Kahawa tuliilima, tukaichuma, tukaipeleka kiwandani, nayo ikaenda zake. Siku hiyo nilikuwa nimekutana nayo tena mahali ilikokuwa ikienda.

Ndani ya ndege nilihesabu viti 12 vya mbele, viwili viwili kila upande wa ujia. Viti vyenyewe vilikuwa vipana, na magoti yangu hayakugusa kitu. Nililetewa kitambaa chenye mvuke cha kupangusia mikono, kisha glasi ya kioo hasa, uma wa chuma na chakula katika sahani. Nyuma yetu mhudumu alivuta pazia. Lilikuwa pazia jepesi, na mtoto aliyekuwa akilia upande wa pili tulimsikia waziwazi. Hata hivyo hakuna aliyegeuza shingo. Kazi ya pazia lile haikuwa kuzuia sauti. Ilikuwa kutuarifu sisi wa mbele na wale wa nyuma kwamba tulikuwa safari mbili katika ndege moja.

Hapo ndipo masikio ya mwanaisimu yalipoanza kufanya kazi. Mhudumu yule, dada mwenye sura ya ukarimu, alinisemesha kwa Kiingereza. Nilimjibu, "Naomba maji, dada, bila barafu." Akanielewa barabara, akanijibu kwa Kiingereza. Nilipomshukuru kwa Kiswahili, alinikaribisha kwa Kiingereza. Kisha akapenya pazia, nami nikamsikia sauti yake ileile ikisema, "Mama, funga mkanda, tafadhali. Sogeza huo mfuko chini ya kiti." Hatua tatu tu, na lugha ilikuwa imebadilika. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemwandikia kanuni hiyo, na pengine yeye mwenyewe hakujua kwamba anaifuata. Aliijua kama sote tunavyoijua, kwamba kila kiti kina lugha yake.

Nilikuwa na azma ya kumfuata binti, lakini vigari vya chakula viliziba ujia, na muda haukuwa mrefu. Chakula kilipoondolewa, ndege ilikuwa imeanza kushuka, taa ya mikanda ikawaka, na maji ya Ziwa Viktoria yakaonekana dirishani. Makala ilikuwa mapajani mwangu muda wote huo. Pembeni mwa ukurasa wa tisa nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Sema hapa uliwahoji kwa lugha gani. Usione haya."

Kabla sijaeleza yaliyotukia katika kongamano, hebu tuitazame asili ya kiti nilichokikalia. Daraja la biashara si la kale kama wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi ndege kubwa zilikuwa na madaraja mawili, la kwanza na la kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nauli za punguzo zilipoanza kuwavuta watalii kwa wingi, wafanyabiashara waliokuwa wakilipa nauli kamili walilalamika kwamba wanaketi bega kwa bega na watu waliolipa nusu ya fedha zao. Kampuni za ndege zikawatengea sehemu yao. Katika safari ndefu ya usiku kucha, tofauti hiyo ina maana: mtu hulala, akaamka akiwa na nguvu za kwenda kazini. Katika safari fupi maana hiyo hupungua sana. Kwingi barani Ulaya, katika safari za aina hii, viti vya mbele ni vilevile vya nyuma. Kinachofanywa ni kuacha kiti cha kati kitupu na kulisogeza pazia mbele au nyuma kulingana na tiketi zilizouzwa. Anayelipa nauli ile hununua nafasi ya kuahirisha safari bila adhabu, mizigo zaidi, foleni fupi, na hilo pazia.

Wala madaraja ya vyombo vya safari hayakuanzia angani. Reli ya wakati wa ukoloni ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na ingawa tikiti haikutaja rangi ya mtu, kila mtu alijua Mzungu anaketi wapi, Mhindi wapi na Mwafrika wapi. Reli hiyo iliuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi na kuishia Nanyuki. Haikufika Embu wala Meru. Sisi wa upande huu tulibakiwa na barabara.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kwani hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Neno daraja lilitujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kidato cha ngazi, na kwa hiyo cheo. Katika Kiswahili limebeba maana hiyo, lakini limebeba pia maana nyingine ambayo kila mtoto anaijua kabla hajaijua ile ya kwanza: kitu kinachowekwa juu ya mto ili watu wavuke. Waarabu wenyewe kivuko hicho hukiita kwa neno jingine kabisa. Ni sisi tunaotumia neno moja kwa kitu kinachowatenga watu na kwa kitu kinachowaunganisha. Nalo neno abiria linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuvuka. Abiria, basi, ni mwenye kuvuka. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja utaona kwamba abiria anahitaji daraja la aina moja kuliko anavyohitaji daraja la aina ya pili.

Mwanafunzi wa sarufi ataniuliza: "Je, Mwalimu, ninyi wanaisimu hamwagawi maneno katika madaraja?" Naam, tunayagawa, na migao yetu tunaiita ngeli. Lakini ngeli haina kiti kipana. Nomino ya ngeli ya A-WA haiketi mbele ya nomino ya ngeli ya KI-VI, na sentensi haisimami mpaka zote zipatane na vitenzi vyake. Vivyo hivyo kwa lugha. Malcolm Guthrie alipoziainisha lugha za Kibantu, alizitia Kiembu, Kimeru, Kitharaka, Kikuyu na Kikamba katika kundi moja, akaliita E50. Hakusema ipi ni ya mbele na ipi ni ya nyuma. Alisema ni ndugu.

Turudi kwenye kongamano. Binti alisoma makala yake kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na kutulia baadaye. Wasikilizaji walipendezwa. Alieleza jinsi ambavyo, kabla miraa haijawa bidhaa ya kimataifa, ilikuwa na heshima yake, na jinsi kifurushi maalumu kiitwacho ncoolo kilivyokuwa kikipelekwa na ujumbe wa posa. Kisha mzee mmoja mwenye mvi, mwalimu wa miaka mingi, akanyosha mkono. Aliuliza kwa upole: "Binti yangu, hawa wakulima uliwahoji kwa lugha gani? Na je, lugha hiyo haikuyabadilisha majibu yao?"

Lilikuwa swali zuri, na lilikuwa swali la ukurasa wa tisa. Binti alinyamaza kitambo. Akanitazama. Kisha akajibu, "Niliwahoji kwa Kiswahili, mzee."

Halikuwa jibu la kweli. Nilijua kwamba aliwahoji wote kwa Kimeru, kwa lafudhi ya Igembe, tena wengine chini ya miti ya miraa ya baba yake mwenyewe. Majina aliyokuwa akiyachambua yasingaliweza kupatikana kwa njia nyingine. Jioni nilipomuuliza kwa nini alijibu vile, alitazama chini akasema, "Niliogopa, Mwalimu. Nilidhani wataona kwamba hii si kazi ya Kiswahili. Nilidhani wataniona mtu wa kijijini."

Sikuwa na ujasiri wa kumkemea. Niliyekuwa na neno la kumwambia, tena neno lililoandikwa tayari kwa wino mwekundu, ni mimi, na wakati wa kumwambia nilikuwa nikila kuku kwa uma wa chuma upande wa pili wa pazia.

Wenzangu mliosoma shule za msingi miteremkoni mwa Mlima Kenya mtaikumbuka diski. Katika shule niliyosoma mimi, kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, ambacho alivishwa shingoni mtoto aliyesikika akisema Kiembu. Naye alitembea nacho hadi alipomsikia mwenziwe akiteleza, akamvisha. Jioni wote waliokivaa walipanga foleni kupokea viboko. Tulifunzwa hivyo kuvizia ndimi za rafiki zetu. Siku za Kiswahili zilikuwa afadhali kidogo, lakini hata hicho tulijua kwamba ni cha kupitia tu. Kilele kilikuwa Kiingereza. Mpango wa viti ulikuwa umekwisha kuwekwa vichwani mwetu: Kiingereza mbele, Kiswahili nyuma ya pazia, na lugha ya mama chini kabisa, katika tumbo la ndege, pamoja na masanduku.

Haya hayakubaliani na sheria zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu hicho hicho kinailazimu serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Lakini sheria huandikwa kwa siku moja, na diski ilikaa shingoni kwa miaka mingi. Binti huyu ni mdogo kwangu kwa umri wa kizazi kizima. Hakuvaa ubao ule. Alirithi uoga wake tu, na huenda aliurithi kwa walimu tuliouvaa.

Safari ya kurudi, kaunta ya Entebbe haikuniona mimi wala cheo changu. Tuliketi nyuma pamoja, magoti yakigusa viti vya mbele, tukaifungua makala. Tulipofika ukurasa wa tisa binti aliyasoma maandishi yangu mekundu, akanyamaza, kisha akauliza kama inawezekana kuwaandikia wenye kongamano kabla makala haijachapishwa. Nilimwambia inawezekana. Akatoa kalamu, akaandika pale pale kwamba mahojiano yote yalifanywa kwa Kimeru cha Igembe, lugha ya wahojiwa na ya mtafiti, na kwamba jibu alilolitoa ukumbini lilikuwa na kosa. Aliandika mistari minne. Mimi, kwa miaka yangu yote, sijawahi kuandika mistari minne kama hiyo.

Kutoka Nairobi tulipanda matatu. Nilikuwa na kikao Chuka siku ya pili, kwa hiyo tulipita Embu bila kushuka na kuendelea pamoja. Njiani binti alinionyesha magari madogo yaliyotupita kwa kasi ya kutisha, yakielekea tulikotoka. "Hiyo ni miraa, Mwalimu," akasema. "Inawahi ndege."

Ndipo nilipoelewa ni nani hasa abiria wa daraja la biashara katika sehemu zetu. Miraa huchumwa Igembe na Tigania, ikafungwa vibunda katika majani ya mgomba ili isinyauke, ikapakiwa na kukimbizwa Nairobi, kwa sababu nguvu yake huanza kupotea baada ya siku mbili. Kutoka Nairobi huruka hadi Mogadishu, takriban kilomita 1,000, safari fupi ya kimataifa kama ile yangu. Nayo husafiri kwa mashaka ya mataifa. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014. Machi 2020 Somalia ilipozuia safari za ndege kwa sababu ya korona, miraa ya Meru ilikwama, na haikurudi angani hadi Julai 2022. Binti alikumbuka miaka hiyo miwili kwa karo iliyokosekana. Ama muguka wa Embu, ambao ni jamaa yake wa bei nafuu, huo hushuka kwa barabara hadi pwani, na Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuufungia mlango. Sisemi kwamba majani haya ni mema au mabaya kwa anayeyatafuna. Huo ni mjadala wa siku nyingine, na wenye watoto wana haki ya kuuliza. Nasema tu kwamba jani lina haraka, na kwamba kila mtu hulipisha.

Mtu atasema kwamba tulijengewa kiwanja cha ndege karibu. Kweli, kile cha Isiolo, ambacho sehemu ya ardhi yake imo Meru, kilizinduliwa mwaka 2017 kikiwa na jina la kiwanja cha kimataifa. Lakini njia yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa kilomita 1.4 tu, nao hauzitoshi ndege kubwa za mizigo. Jina lilipewa kiti cha mbele, lami ikabaki nyuma. Miraa iliendelea kukimbizwa barabarani.

Tuliuvuka Mto Thuci, tukapita Chuka bila mimi kushuka, kwa kuwa niliamua kumfikisha binti Meru mjini na kurudi asubuhi. Baada ya Chuka barabara inashuka kwa mteremko mrefu wenye kona kali hadi Daraja la Nithi. Watu wa njia hiyo hawahitaji kuelezwa. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitoka barabarani hapo, likaporomoka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hawakuwa wa kwanza kufia mahali hapo. Zingatia mwezi, msomaji. Ni mwezi uleule ambao jani letu lilifunguliwa tena anga za Somalia. Jani likapata njia yake, na waliolipanda, waliolichuma na majirani zao wakabaki na daraja lilelile.

Matatu yetu ilikuwa na kelele za muziki tangu Embu. Tulipoanza kuteremka, dereva aliuzima bila kuambiwa. Makanga alikaa. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto alimkumbatia kifuani, na mzee aliyekuwa kiti cha mbele kando ya dereva, kile tunachokigombania kila siku kana kwamba ndicho chetu cha daraja la kwanza, aliushika mkono wa mlango. Hakukuwa na pazia. Kimya chetu kilikuwa kimoja. Tulivuka, na tulipoanza kupanda upande wa pili mtu alisema jambo kwa Kimeru, mwingine akajibu kwa Kiswahili, watu wakacheka, na muziki ukarudi.

Sitamwambia mtu yeyote akatae kiti kipana akipewa. Mgongo ni mgongo, na mwalimu naye huchoka. Wala sitawaambia wanafunzi wasijifunze Kiingereza. Wajifunze mpaka kiwe chao. Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo. Kesho, mwanafunzi atakaposimama kueleza jambo alilolijua kwa lugha ya nyumbani kwao, tumwachie alitaje jina lake kama lilivyo, kisha tumsaidie kulivusha hadi katika Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Hiyo ndiyo kazi ya daraja. Na nanyi wanafunzi, mwalimu wenu akiwaacha nyuma ya pazia, kama nilivyofanya mimi, msimwambie aende tu. Mwambieni kwamba mna kazi naye.

Makala ya binti imechapishwa. Mistari ile minne iko palepale, ukurasa wa tisa.